Mngoni Aliyechoka Kuheshimiwa

Siku ya harusi yetu, mume wangu alifunga ndoa akiwa na soksi tu. Yeye ni mtu wa Afrika Kusini, aliishi kwetu Tanzania miaka mingi akiwa mkimbizi wa siasa, na Kiswahili anakijua mpaka kile cha kugombania. Lakini hakuna aliyewahi kumweleza habari ya utani. Mjomba wangu alimwona akishuka garini pale Iringa, akauliza bwana harusi ni kabila gani, akaambiwa Mzulu. "Mzulu?" akasema. "Si ndio Wangoni haohao, ila hawa walibaki nyumbani?" Na kwa kuwa Wangoni ni watani wetu sisi Wahehe, akamvua viatu palepale, akavivaa yeye, akaenda navyo kanisani. Mume wangu alivikomboa jioni kwa jogoo. Mpaka leo, tumekaa zetu Troyeville, hapa Johannesburg, tunakunywa chai, anaweza kuuliza ghafla, "Lakini nilimkosea nini yule mzee?" Hukumkosea kitu, baba. Ungemkosea asingevigusa.

Kwa asiyejua, mambo yako hivi. Babu zetu na babu za Wangoni walipigana vita vibaya, wakachoka, wakaona afadhali wajukuu wao wapigane kwa maneno mpaka mwisho wa dunia. Mtani anakutukana hukasiriki. Anachukua kitu chako husemi. Na siku ya msiba, wakati ndugu wote mmelala chini mnalia, mtani ndiye anayekuja kufanya vituko, anawatukana wafiwa na marehemu pamoja, na hamwezi kumfukuza. Nayaeleza haya mapema kwa sababu mbele huko nitamtukana mgonjwa, tena mfungwa, tena mzee, na sitaki mtu anifikirie vibaya.

Nilikuwa nesi katika zahanati ya gereza moja la Johannesburg. Mwaka 2016 wakubwa waliamua kwamba huduma za afya gerezani ziheshimu mila za kila mfungwa, maana wafungwa wetu walikuwa wa makabila yote ya Afrika Kusini, na juu yao Wakongo, Wazimbabwe, Warundi na kila aliyewahi kupanga chumba mtaa wa Hillbrow. Wakatafuta mtu wa kuongoza jambo hilo, wakanitazama mimi. Nadhani waliona kwamba kwa kuwa mimi ni mgeni, lazima nitakuwa na mila. Watu wana imani ya ajabu kwamba mila ni za wageni. Wenyeji wao wana maisha tu.

Tuliletewa mwalimu kutoka Australia, mama mmoja wa wale wenyeji wa asili wa nchi ile, Waaborijini, ambaye kwao alikuwa akiongoza huduma kama hiyo magerezani kwa ajili ya watu wake. Alikuwa mfupi, mwenye cheko kubwa, na alikuwa akifundisha amevua viatu. Alituambia kwamba kwao wapo waliokufia gerezani kwa sababu waliona afadhali kunyamaza na maumivu kuliko kuzungumza na nesi anayewadharau. Kisha akasema neno moja nililoliandika kiganjani: anayejua kama huduma ni salama si wewe unayeitoa, ni yule anayeipokea. Akaahidi kurudi mwaka unaofuata kuona tumefika wapi. Mimi jioni ile nikanawa mikono, neno likaondoka na sabuni.

Nikaanza kazi kwa ari ya mtu aliyepewa cheo bila nyongeza ya mshahara. Niliamuru kwamba kabla ya kuingia selo ya mgonjwa, nesi abishe hodi. Ni jambo la kuchekesha kubisha hodi kwenye mlango ambao funguo unazo wewe na aliye ndani hawezi kukwambia karibu wala ondoka, lakini tulibisha. Niliamuru wazee waitwe kwa majina ya heshima. Niliamuru sauti ziwe za chini. Na nilipiga marufuku kabisa mizaha ya makabila, mtu asije akaumizwa moyo na mtumishi wa afya.

Halafu nikafanya kosa la kuwauliza wagonjwa, kwa mila za kwao, mtu akiugua hula nini. Wa kwanza alifumba macho kama anayewasiliana na wahenga, akasema kwamba katika ukoo wao mgonjwa hula kuku wa kuchoma na chipsi, na soda baridi. Kufika mchana wodi nzima ilikuwa ya ukoo huo. Mmoja akaongeza kwamba wahenga wake hawaruhusu mgonjwa akose mpira wa Jumamosi. Mwingine alisema mababu zake hawapatani na vidonge vya njano, na nilipombadilishia vyeupe akasema wamefikiria tena.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kumfundisha askari wa wodi yetu. Alikuwa Mzulu mmoja mkubwa, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kusimamisha teksi akiwa upande wa pili wa robot, zile taa za barabarani. Nilimfundisha kunong'ona. Naye alikuwa na moyo mzuri mno, akipewa jambo analifanya kupita kiasi. Alianza kuingia kwa wagonjwa wazee ameinama, macho chini kama kwao anavyofanya kijana mbele ya mkubwa, anapiga makofi polepole, anatoa dawa kwa mikono miwili na kunong'ona, "Mkhulu, samahani sana, Mkhulu," yaani babu. Ukimwona hivyo unaweza kudhani jeneza liko nyuma yake.

Katika hali hiyo ndipo akaletwa Mngoni.

Alikuwa mzee wa Songea, mchuuzi wa viatu pale mjini kati. Alifungwa kwa kuuza viatu vyenye jina la kiwanda ambacho kiwanda chenyewe hakijawahi kuviona. Wafungwa wenzake walisema siku ya kwanza aliingia gerezani anacheka, anawaambia askari wa Kizulu kwamba yeye ni ndugu yao waliyempoteza, ametoka Songea kuja kuona kama mji wameutunza. Lakini alikuwa na kisukari, na kiatu chake mwenyewe, feki kama vingine, kilikuwa kimemtoboa kidole gumba cha mguu. Kidonda kilikuwa kimeshageuka rangi. Daktari alisema kidole kikatwe wiki hiyohiyo katika hospitali ya nje, la sivyo utakwenda mguu mzima, na baada ya mguu... Akaishia hapo, akatazama dirishani.

Sasa mimi nikaenda kumwona. Nikabisha hodi. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba mimi ni nesi, natoka Iringa, Mhehe.

Yule mzee akainuka kwenye mto. Macho yakamng'aa. Akakaa sawa, akasubiri.

Nami nilijua anachosubiri! Ulimi ulikuwa unaniwasha. Lakini nilikuwa kiongozi, na kanuni ilikuwa yangu mwenyewe. Nikakunja mikono, nikasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, kwa mila zenu Wangoni, mgonjwa hupenda ahudumiwe vipi?"

Akaurudisha mto mahali pake. Kisha akalala, akageukia ukuta.

Tangu hapo hakula wala kuzungumza nasi. Tulipomwambia habari ya kidole alisema, "Niacheni nipumzike," na bila ridhaa yake hakuna wa kumgusa. Tukaona labda hatujamheshimu vya kutosha, basi tukaongeza. Nikampa mto wa pili. Chai yake ikatiwa maziwa. Askari akazidi kuinama, mpaka nikaogopa atapata maumivu ya mgongo awe mgonjwa wangu yeye. Na kidonda kikazidi kupanda. Jioni nilifika nyumbani Troyeville nimeghadhibika na dunia yote, nikamwambia mume wangu mzee atakufa mikononi mwangu kwa kidole. Akasema, "Labda umwogopeshe kidogo." Nikamjibu kwamba huduma zetu haziogopeshi watu. Nilimjibu kwa ukali sana.

Aliyenifungua macho ni kinyozi mmoja wa Bukavu, mfungwa naye, aliyekuwa amelazwa kitanda cha jirani kwa pumu. Aliniita asubuhi iliyofuata nikipita na bandeji.

"Mama nesi, ule muzee hakatai dawa juu ya kichwa nguvu. Ye anajua amesha kufa, munamuficha tu."

"Amekufa namna gani? Si anapumua!"

"Munamwongelesha pole pole. Munamupa mto ya pili. Hapa gereza, mama, nani anaongezewaka mto? Ule askari mukubwa, anamupigia magoti. Hata kwetu, mutu akianza kupewa heshima ya gafula, familia iko inatafuta mbao." Akashusha sauti. "Na wewe mwenyewe, anasema wewe uko wa kabila yenye inapaswa kumutukana. Siku ile alikungoja umutukane. Ukamuita 'mzee wangu.' Akaniambia, kama hata Muhehe amenionea huruma, basi daktari amemwambia mambo."

Nilisimama pale na bandeji zangu. Nilijionea aibu, halafu nikajikasirikia, halafu nikaanza kucheka kimyakimya mpaka kinyozi akaniuliza kama nami nina pumu. Mimi, binti wa Iringa, niliyezaliwa katika matusi ya Wangoni, nilikuwa nimemfanyia mtani wangu jambo ambalo hata adui hamfanyii mtu. Nilikuwa nimemheshimu.

Siku hiyohiyo mgeni wetu wa Australia alikuwa anarudi. Mkuu wa gereza alikuwa amempangia matembezi, na wodi yangu ndiyo ilikuwa mfano. Sakafu imepigwa dawa, askari amefua sare. Mtu mwenye akili angesubiri wageni waondoke. Lakini ule mguu haukuwa na habari ya wageni.

Sikubisha hodi. Nilisukuma mlango kwa kiuno, nikashika nyonga, nikafungua kinywa.

"Wewe Mngoni mla panya! Unalala hapa kama gunia la mahindi yaliyooza, nani akubebe? Babu zako walitoka nchi hii mbio, wakakimbia mpaka Songea hawajageuka nyuma, na wewe leo unarudi kuja kufa kwa kidole? Kidole! Tena cha mguu, hata si cha mkono!"

Askari mlangoni akaweka kiganja mdomoni. "Hawu, sister," akanong'ona, "volume."

Mzee hakugeuka. Niliona bega tu likitikisika, nikadhani analia. Kisha sauti ikatoka ukutani, nzito ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi.

"Mhehe mla mbwa."

"Ndiyo, sema!"

"Nilikuwa najiuliza." Akageuka taratibu. "Tangu uingie kazini gereza hili, sijasikia mbwa wa askari wakibweka. Nikasema, aah, kumbe wameshaliwa."

Namshukuru Mungu kwa matusi yale. Nikasogea kitandani.

"Sikiliza wewe panya. Hapa Johannesburg nzima mtani wako ni mimi peke yangu. Ukifa, msibani kwako nitakuja mimi. Nitaingia kaburini nilale, sitoki mpaka niletewe jogoo, na kabla sijatoka nitawatangazia watu wote wa Songea kwamba mjukuu wa mashujaa amekufa kwa kuogopa kisu cha kukatia kucha."

"Mimi niogope kisu?"

"Unaogopa."

"Kikateni!" Alikuwa amekaa wima sasa, amejaa hasira na furaha. "Kikateni hata sasa. Ila mkishakikata asipewe huyu Mhehe. Atamrushia mbwa, mbwa akinenepa amle."

Nilikuwa nimechutama nacheka, nimeshika mguu wa kitanda, nilipoviona viatu vya mkuu wa gereza. Kando yake palikuwa na miguu miwili mitupu. Nikainua uso. Mkuu alikuwa amekuwa na rangi ya majivu, maana Kiswahili hakijui, lakini kelele hazihitaji mkalimani. Alikuwa ameleta mgeni kutoka ng'ambo ya bahari aje aone heshima, akamkuta kiongozi wa heshima anamfokea mzee mgonjwa, na askari wake ameficha uso kwenye kofia.

Nikaanza kueleza kwa Kiingereza. Nikaeleza vita, nikaeleza panya, nikaeleza mbwa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kuwa mabaya. Yule mama hakunisikiliza hata kidogo. Alikuwa anamtazama mzee.

"Muulize yeye," akasema. "Anajisikiaje?"

Nikamtafsiria. Mzee akamtazama mgeni kuanzia nywele mpaka zile nyayo zisizo na viatu, na nadhani biashara ilimpitia kichwani. "Mwambie huyu dada, leo ndiyo mara ya kwanza tangu niletwe hapa nimeonekana na mtu. Wengine wote walikuwa wananiaga." Akazitazama tena zile nyayo. "Halafu mwambie akitaka viatu, nina ndugu yangu pale mjini."

Nilipotafsiri, yule mama alicheka mpaka akakaa kwenye kitanda cha kinyozi. Akasema kwao pia kuna shemeji mmoja ambaye yeye asipomtukana, shemeji humfuata nyumbani kuuliza wamekosana nini. Mkuu wa gereza naye akacheka, kwa kuchelewa na kwa uangalifu, akitazama kwanza kama inaruhusiwa.

Gari la hospitali lilipofika, askari alinivuta pembeni. "Sister, mimi Mzulu, yeye Mngoni. Na mimi nimtukane?"

"Wewe huwezi," nikamwambia. "Wewe ni ndugu yake. Mnatoka mahali pamoja."

Akanywea. Alikuwa ameshaandaa tusi. Mzee akasikia kutoka kwenye kiti cha magurudumu. "Ndugu mdogo," akasema, "wewe utanisindikiza. Na huyo Mhehe akija na sahani, uangalie nyama." Askari akapanda gari kifua mbele, akiwa mlinzi na jamaa wa mgonjwa kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akafoka kwa sauti yake halisi, akimwambia dereva aende. Nusu ya wafungwa walishtuka.

Kidole kilikwenda. Mguu ulibaki. Mzee alimaliza kifungo chake akichechemea na kututukana, akatoka, akarudi kuuza viatu mjini kati, mahali habari zote za Watanzania wa Johannesburg hupitia. Safari hii, alisema, ni vya halali, au tuseme karibu na halali. Mimi niliziondoa baadhi ya kanuni zangu. Hodi niliibakiza, maana nilikuwa nimeipenda.

Mwaka 2019 mama yangu alifariki Iringa. Nilipigiwa simu asubuhi, na tiketi iliyopatikana ilikuwa ya kesho yake. Mashemeji zangu wakaja Troyeville, wakatandika godoro chini kama kwao wafiwa wanavyokaa, wakaniweka hapo na blanketi. Walikuwa wema sana. Walipita kwa ncha za vidole. Walinong'ona. Mtu akaniletea chai yenye maziwa mengi, mwingine akaniongezea mto. Mume wangu alisimama mlangoni hajui mikono yake aiweke wapi. Na mimi nilikuwa nimelala nimegeukia ukuta, sina chozi, sina neno, na nilihisi kwamba aliyekufa ni mimi, ila wananificha.

Ndipo nikasikia hatua kwenye ngazi. Mguu mmoja ulikanyaga, mwingine ukaburuzika. Jengo letu lina ghorofa na lifti yake ni ya mapambo. Aliyekuwa anapanda alisimama, akapumua, akaendelea. Mlango ukasukumwa bila hodi.

"Yuko wapi huyo Mhehe?" ikauliza ile sauti. "Nimekuta mbwa wote wa Troyeville wako barabarani wanacheza ngoma. Wanasema wamesikia mla mbwa mmoja amepungua duniani!"

Shemeji yangu mkubwa akainuka kwa hasira. Mume wangu akamshika mkono. "Mwache," akasema. "Huyu ana haki." Na nikaona macho yake yakishuka, bila yeye kujua, kuangalia viatu vyake viko wapi.

Mzee alivuka sebule akichechemea, akalifikia sanduku langu la safari lililokuwa limefungwa tayari, akalikalia. Akanyoosha mbele ule mguu wake wa vidole vinne.

"Sitoki hapa," akasema. "Hakuna anayekwenda kumzika mla mbwa mpaka nipewe jogoo. Nimepanda ngazi zote zile kwa mguu huu, na mnajua unawadai kiasi gani. Haya, lia, nikusikie. Mama yako alikuwa mchoyo, alikuwa anaficha mkia wa mbwa chini ya ugali, na Songea nzima inamlilia."

Nikacheka, na katikati ya kicheko kile kilio kikaja chote kwa mara moja, nikamlilia mama yangu kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Mzee hakunibembeleza hata kidogo. Alikaa juu ya sanduku ananitazama, ananisubiri, kama alivyonisubiri siku ile ya kwanza kitandani.

Nilipopata pumzi nikaondoa blanketi, nikakaa.

"Shuka kwenye sanduku langu," nikamwambia, "mla panya wewe."

"Haya," akasema, akimgeukia mume wangu. "Mzima huyu. Leteni chakula ale."